Mtoto Mchanga Mwenye Shida ya Pumzi na Kasoro za Mkojo: Mwongozo kwa Familia na Wahudumu wa Afya wa Lamu

Watoto wengi wanaozaliwa na shida ya kupumua hupona, kwa kuwa shida zao ni zile zinazojulikana: maji ya mapafu yaliyochelewa kukauka, maambukizi, choo cha tumboni kilichovutwa mapafuni wakati wa uchungu, au kuzaliwa kabla ya siku kutimia. Mwongozo huu unahusu kundi dogo sana la watoto ambao hawaingii katika orodha hiyo. Ni watoto waliozaliwa wakiwa wametimia, wenye uzito mzuri, waliolia vizuri, kisha baada ya saa chache wakaanza kubadilika rangi na wasirudi hata walipopewa oksijeni. Na ukiwatazama zaidi, unakuta figo au njia zao za mkojo nazo hazikuumbika sawasawa. Ugonjwa tutakaoueleza ni ule adimu wa kuzaliwa wa mishipa ya mapafu unaoitwa kwa kifupi ACDMPV. Mwongozo umeandikwa kwa ajili ya wazazi, wakunga na wauguzi wa zahanati za visiwani na za mwambao wa bara, kuanzia Faza na Kizingitini hadi Kiunga, ambao huwa wa kwanza kumwona mtoto kama huyo na walio mbali zaidi na vipimo anavyohitaji.

Ugonjwa wenyewe

Mtoto akiwa tumboni hapumui hewa; oksijeni huipata kwa mama kupitia kondo la nyuma na kitovu. Mishipa ya mapafu yake huwa imebana, na damu nyingi hukwepa mapafu kwa kupita njia mbili za mkato, moja ndani ya moyo na nyingine kwenye mishipa mikubwa iliyo juu yake. Akishazaliwa na hewa kuingia, mishipa ya mapafu hulegea, shinikizo lake hushuka, na njia za mkato huanza kujifunga. Katika ugonjwa tunaouzungumzia mpango huo hautimii, kwa sababu mapafu yaliundwa vibaya tangu mwanzo. Kapilari, yaani vile vishipa vyembamba kabisa ambavyo hupaswa kuzingira kila kifuko cha hewa na kugusana nacho, ni chache na zimekaa mbali na hewa. Kuta za vifuko ni nene, ateri ndogo, yaani mishipa inayoleta damu mapafuni, zina misuli kupita kiasi, na vena, mishipa inayoirudisha damu moyoni, ambazo kwa kawaida husafiri peke yake katikati ya sehemu za pafu, hukutwa zimeandamana na ateri na vijia vya hewa ndani ya ala moja. Hewa inaingia na damu inapita, lakini hazikutani.

Madaktari na maabara huuita kwa kifupi ACDMPV, kutoka jina la Kiingereza "alveolar capillary dysplasia with misalignment of the pulmonary veins", na herufi hizo zinafaa kukumbukwa kwa sababu ndizo zitakazoandikwa kwenye fomu za vipimo. Ulielezwa mara ya kwanza mwaka 1981. Mwaka 2009 watafiti walionyesha kwamba chanzo chake kwa watoto wengi ni kasoro katika jeni iitwayo FOXF1, au kupotea kwa kipande cha kromosomu ya 16 kilichobeba jeni hiyo au sehemu za jirani zinazoiamrisha. Jeni hiyo haifanyi kazi mapafuni peke yake. Inahitajika pia wakati utumbo na viungo vingine vya ndani vinapoundwa. Ndiyo maana zaidi ya nusu ya watoto wenye ugonjwa huu hukutwa na kasoro nyingine, zikiwamo utumbo usiokaa mahali pake, kasoro za moyo, na kasoro za njia ya mkojo kama vile figo zilizotanuka kwa mkojo uliokwama, na mirija iendayo kwenye kibofu iliyopanuka au iliyo miwili upande mmoja.

Ni ugonjwa adimu, na muuguzi anaweza kumaliza utumishi wake wote asiuone. Hata hivyo kila hatua iliyoelezwa hapa itamfaa pia mtoto mwenye ugonjwa wa kawaida zaidi, kwa hiyo hakuna jitihada itakayopotea.

Hatua ya kwanza: mimba ikiwa bado

Shirika la Afya Duniani hupendekeza kila mjamzito apigwe ultrasaundi angalau mara moja kabla ya wiki ya 24. Wakati unaofaa zaidi kutazama viungo vya mtoto ni kati ya wiki ya 18 na ya 22. Mishipa midogo ya mapafu haionekani kwa ultrasaundi, na hakuna fundi wa picha atakayekuambia kwamba mtoto ana ACDMPV. Figo, kibofu na kiasi cha maji ya uzazi huonekana vizuri. Mama anapokwenda kupigwa picha aombe mambo hayo matatu yaandikwe, hata yakiwa ya kawaida, na karatasi ibanwe ndani ya kitabu cha kliniki cha mama na mtoto. Nasema yaandikwe kwa sababu jibu la mdomo, "mtoto yuko sawa," halitamsaidia daktari wa Mombasa ambaye miezi minne baadaye atakuwa anatafuta kama figo zilikuwa zimetanuka au la.

Ikiwa picha imeonyesha figo zilizotanuka, kibofu kikubwa kisichojimwaga, au maji kidogo, mipango ya kuzalia nyumbani au katika zahanati ndogo ibadilishwe. Mama wa Kizingitini au Ndau aliyepewa taarifa kama hiyo ahamie mapema kwa jamaa aliye karibu na hospitali, kabla ya wiki ya 37, hasa katika miezi ya kusi ambapo bahari huchafuka na boti huweza kukosa kuondoka siku nzima. Wenye uwezo, au walioandikiwa rufaa, wakazalie Malindi au Mombasa.

Hatua ya pili: saa za kwanza baada ya kuzaliwa

Hapa ndipo macho ya mkunga yana thamani kuliko mashine yoyote, kwa kuwa ugonjwa huu una hila moja: mara nyingi hauonekani mtoto anapozaliwa. Wengi huanza kudhihirisha dalili ndani ya saa 48 za kwanza, na kabla ya hapo mtoto hulia, hunyonya na kulala kama mwengine yeyote. Mama aliyejifungua salama hutaka kurudi nyumbani, jamaa wanamsubiri, uji wa pilipili manga umeshapikwa, na ruhusa hutolewa. Mtoto akibadilika rangi usiku wa pili ndani ya nyumba, muda wa thamani hupotea.

Kwa hiyo tazama mambo yafuatayo kila baada ya saa chache katika siku mbili za kwanza, awe mtoto yuko hospitalini au amesharudi nyumbani. Hesabu pumzi zake kwa dakika nzima akiwa ametulia. Zikizidi 60, hesabu tena, na zikibaki hivyo mpeleke. Tazama kama kifua kinabonyea chini ya mbavu anapovuta pumzi, kama pua zinapanuka, na kama anatoa mguno anapotoa pumzi. Rangi usiitafute kwenye viganja wala kwenye nyayo, kwani watoto wengi wenye afya huwa na viganja vya buluu siku ya kwanza; ifunue midomo, utazame ulimi na ufizi kwenye mwanga wa mchana au wa tochi nyeupe. Ulimi uliogeuka kijivu au zambarau ni hatari kwa mtoto wa rangi yoyote. Mtoto anayeanza kunyonya kisha akaachia, akahema, akatokwa na jasho, naye ahesabiwe kuwa mgonjwa.

Mwenye kipima oksijeni, na siku hizi zahanati nyingi wanacho, akifunge kwanza kwenye mkono wa kulia wa mtoto, kisha kwenye mguu mmoja, na aandike namba zote mbili pamoja na saa. Baada ya saa 24 mtoto mzima huwa na asilimia 95 au zaidi, na tofauti ya mkono na mguu haizidi asilimia 3. Namba iliyo chini ya 90 popote pale haihitaji kurudiwa ili kuamuliwa; huyo apewe oksijeni na rufaa iandikwe. Mguu ukiwa chini ya mkono kwa asilimia 10 au zaidi, ni dalili ya nguvu kwamba shinikizo la mapafu halijashuka na damu isiyo na oksijeni inapita ile njia ya mkato iliyo nje ya moyo. Lakini mkono na mguu vikilingana vyote vikiwa chini, usiondoe shaka, kwa kuwa damu huweza kuchanganyika ndani ya moyo kwenyewe na tofauti isionekane. Kipimo hiki huchukua dakika chache, na kwa maoni yangu hakuna mtoto anayefaa kuruhusiwa kwenda nyumbani kabla ya kupimwa.

Pwani yetu ina neno la nyuni, yaani pepo wanaoaminika kuwashika watoto, na mtoto mchanga aliyekakamaa au kubadilika rangi ghafla mara nyingi hudhaniwa kuwa nazo. Mtoto asomewe na azinguliwe, hakuna anayekataza. Ila usomaji huo ufanyike ndani ya boti, safari ikiwa imeshaanza.

Hatua ya tatu: chunguza mkojo

Mtoto hupaswa kukojoa ndani ya saa 24 za kwanza. Nguo aliyofungwa ikilowa, andika saa. Wapo watoto wanaokojoa wakati wa kuzaliwa kitandani pale pale na hakuna anayeona, kwa hiyo mkunga aseme kama aliona. Kwa mtoto wa kiume, subiri umwone akikojoa: mkojo wa kawaida hutoka kwa nguvu na kuruka, lakini mkojo unaotiririka tone kwa tone, au mtoto anayekaza uso kila anapokojoa, huashiria kizuizi kwenye mfereji. Bonyeza taratibu chini ya kitovu. Uvimbe mgumu wa mviringo unaobaki hata baada ya mtoto kukojoa ni kibofu kilichojaa. Tazama pia umbo la sehemu za siri na mahali tundu la mkojo lilipo, na kama mtoto amepata choo cheusi, kwa kuwa matapiko ya kijani na choo kisichotoka huelekeza kwenye utumbo uliojipinda, ambao nao umo katika orodha ya kasoro zinazoandamana na ugonjwa huu.

Kwa wauguzi kuna jambo jengine. Mtoto mwenye shida ya pumzi kwa kawaida huanzishiwa penisilini na gentamaisini, na ni sahihi kuanza, kwa sababu maambukizi ndiyo hutokea zaidi na huua haraka. Lakini gentamaisini hutolewa mwilini na figo. Mtoto asiyekojoa au mwenye figo zilizotanuka akiendelea kupewa kwa ratiba ya kawaida, dawa hurundikana, nayo huweza kudhuru figo na masikio. Usizuie dozi ya kwanza. Andika tu kwenye barua kwamba mkojo una shaka, ili daktari aamue kuhusu zinazofuata.

Hatua ya nne: unganisha mapafu na mkojo, ila kwa uangalifu

Mapafu na figo huugua pamoja kwa mtoto mchanga kwa njia mbili zilizo tofauti kabisa, na kuzichanganya huleta makosa. Njia ya kwanza huanzia kwenye mkojo. Sehemu kubwa ya maji ya uzazi katika nusu ya pili ya mimba ni mkojo wa mtoto. Figo zisipofanya kazi, au mfereji ukiziba, maji hupungua, na mapafu yanayohitaji maji hayo ili yakue hubaki madogo. Mtoto huyo huzaliwa akiwa na shida tangu pumzi ya kwanza, kifua chake ni chembamba, na historia ya mama ina maji kidogo. Njia ya pili huanzia kwenye jeni. Maji ya uzazi yanaweza kuwa ya kutosha, mapafu yana ukubwa wa kawaida, mtoto anaanza vizuri kisha anaporomoka. Kasoro ya figo ni ndugu wa kasoro ya mapafu, wala si mzazi wake.

Barua ya rufaa inayosema "shida ya kupumua" peke yake humfanya mpokeaji afikirie maambukizi. Barua inayosema kwamba mtoto ametimia, alianza vizuri, akaharibika saa ya 14 tangu kuzaliwa, haongezeki kwa oksijeni, mama hakuwa na homa wala maji hayakuwa machache, na figo ya kushoto ilionekana imetanuka wiki ya 22, humfanya afikirie jambo jengine kabisa. Muuguzi wa zahanati hahitaji kuutaja ugonjwa. Anahitaji kuyaweka mambo haya kwenye karatasi moja, kwa sababu mara nyingi karatasi ya ultrasaundi hubaki nyumbani, habari ya mkojo anaijua bibi, na namba za oksijeni ziko kichwani mwa muuguzi wa zamu ya usiku.

Hatua ya tano: msaada wa kwanza na rufaa

Mtoto apewe oksijeni kwa vijirija vya puani, awekwe kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi au afunikwe vizuri, kwa maana baridi hubana mishipa ya mapafu na kuzidisha ugonjwa. Sukari ya damu ipimwe. Akihema kwa kasi kubwa asinyonyeshwe kwa nguvu. Maziwa ya mama yakamuliwe na yatolewe kwa mrija kama yupo mwenye ujuzi. Asishikwashikwe ovyo, wala asipokezanwe na kila mgeni, kwa kuwa kila kilio humshusha oksijeni.

Kisha tazama anavyoitikia. Oksijeni ikimpandisha haraka na akabaki juu, inaelekea shida ni ya mapafu ya kawaida. Asipopanda kabisa, au akipanda kidogo kisha akaanguka, yawezekana ni ugonjwa wa moyo wa kuzaliwa au shinikizo kubwa la mapafu, na yote mawili yanahitaji picha ya moyo, ile inayoitwa eko. Baadhi ya magonjwa hayo ya moyo hutibika kwa dawa na upasuaji, na huyo ndiye mtoto tusiyetaka kumpoteza kwa kumdhania mwengine. Kwa hiyo asitokee mtu wa kusema mapema kwamba huu ni ule ugonjwa usio na dawa.

Hatua ya sita: safari

Kutoka visiwani, kituo cha kwanza kwa wengi ni Hospitali ya King Fahad iliyo kisiwani Lamu. Kutoka hapo rufaa ya juu huelekea Mombasa, kwenye Hospitali Kuu ya Pwani, ama kwa boti hadi Mokowe na barabara ya Garsen na Malindi, ama kwa ndege kutoka Manda. Barabara hiyo ni zaidi ya kilomita 300.

Piga simu kabla ya kuondoka na upate jina la aliyeipokea rufaa. Halafu hesabu oksijeni, jambo ambalo husahaulika mno. Mtungi wenye lita 680 ukitumika kwa lita 1 kwa dakika hudumu zaidi ya saa 11. Mtungi huo huo ukitumika kwa lita 5 kwa dakika, kama inavyoweza kuwa kwa mtoto aliye kwenye mashine ya kusukuma hewa puani, humalizika baada ya saa 2 na dakika 16 tu, na hapo gari halijafika Malindi. Chukua muda wa safari, uongeze nusu yake kwa ajili ya kungojea boti na kuharibika kwa njia, kisha ndipo uulize kama mtungi unatosha. Ndani ya boti mtungi ufungwe usibiringike, ukae mbali na injini na petroli, na asivute mtu sigara.

Ndege ni ya haraka, lakini hewa ya juu ina oksijeni pungufu, na hewa iliyovuja kifuani nje ya pafu hutanuka ndege inapopaa. Watoto wenye ugonjwa huu huvuja hewa kifuani mara kwa mara, kwa hiyo eksirei ya kifua ipigwe kabla ya kupanda ndege ikiwa inapatikana, na rubani aambiwe.

Mama asafiri na mtoto. Najua arobaini ina heshima yake na wazee wengine hawataki mzazi avuke maji katika siku hizo, lakini maziwa yake, saini yake na damu yake vyote vitahitajika huko. Baba naye achukue vitambulisho vya wote wawili, kitabu cha kliniki, karatasi ya ultrasaundi, taarifa ya kuzaliwa, na namba ya usajili wa SHA, bima ya afya ya jamii, ambayo tangu Oktoba 2024 imeshika nafasi ya NHIF.

Hatua ya saba: hospitali kubwa itafanya nini, na wazazi waulize nini

Mtoto atapigwa eksirei, ambayo mwanzoni yaweza kuwa karibu na ya kawaida na kuwashangaza wote, atapigwa eko, atapigwa ultrasaundi ya figo na kibofu, na damu yake itapimwa maambukizi na kazi ya figo. Dawa za kulegeza mishipa ya mapafu, kama sildenafili ya maji au gesi ya nitriki oksaidi pale ilipo, zitajaribiwa. Katika ACDMPV dawa hizo aghalabu huleta nafuu ya saa au siku chache, halafu nguvu yake huisha, na mwenendo huo wa kupanda na kuanguka ni dalili yenyewe.

Ukweli wa ugonjwa huu ni mzito na wazazi wana haki ya kuusikia kwa lugha wanayoielewa. Watoto wengi walio nao hufariki ndani ya mwezi wa kwanza, hata katika nchi zenye mashine zote. Wachache ambao sehemu ya mapafu yao iliumbika vizuri zaidi huishi kwa muda mrefu zaidi, na wachache mno wamebadilishiwa mapafu nchini Marekani. Waulize madaktari maswali haya bila haya: Eko imeonyesha nini kuhusu moyo wenyewe? Je, kuna ugonjwa mwengine unaotibika ambao haujaondolewa shaka? Mashine inamsaidia apone, au inarefusha saa zake tu? Na je, damu ya kupima jeni imeshachukuliwa?

Hatua ya nane: damu ichukuliwe mtoto angali hai

Swali la mwisho hapo juu ndilo ambalo familia nyingi hujutia kutoliuliza. Uthibitisho wa ACDMPV hupatikana kwa namna mbili: kwa kutazama kipande cha pafu kwenye darubini, au kwa kupima jeni FOXF1 pamoja na kromosomu ya 16. Kipimo cha jeni hufanywa na maabara chache maalumu, mara nyingi nje ya nchi, na jibu huchukua wiki nyingi. Mtoto anaweza asilisubiri, lakini damu yake inaweza.

Kinachohitajika ni kidogo. Mililita 1 hadi 2 kwenye kichupa cha kifuniko cha zambarau, kilichopinduliwa taratibu ili damu isigande, huhifadhiwa kwenye friji bila kugandishwa hadi kitakaposafirishwa. Mahali pasipo na friji ya kutegemewa, matone ya damu kwenye karatasi maalumu, ile ile ambayo kliniki zetu hutumia kuwapima VVU watoto wa mama wenye virusi, yanafaa sana: yaachwe yakauke kwa saa kadhaa mbali na jua, kisha karatasi iingizwe kwenye mfuko unaozibwa pamoja na kipakiti cha kukausha unyevu, jambo la lazima kwa hewa ya chumvi na jasho ya kwetu. Jeni kwenye damu iliyokauka hivyo hudumu miaka. Jina, tarehe na saa viandikwe kabla ya kudondosha damu. Damu ya baba na mama nayo ichukuliwe, kwa sababu tusipojua jeni zao zikoje hatuwezi kujua kama kasoro ilirithiwa au ilianza kwa mtoto huyu.

Hatua ya tisa: mtoto akifariki

Maziko kwetu hayacheleweshwi, na hakuna kipengele cha mwongozo huu kinachotaka yacheleweshwe. Ikiwa pafu halikupata kuchunguzwa mtoto akiwa hai, daktari anaweza kuwaomba wazazi ruhusa ya kuchukua kipande kidogo cha pafu kupitia tundu dogo kifuani, kazi isiyohitaji kumpasua mtoto mzima na ambayo humalizika kabla ya kuoshwa. Kipande hicho hutiwa kwenye fomalini, dawa ya kuzuia kisioze, iliyo mara kumi ya ujazo wake, na baada ya kutayarishwa maabara huweza kuhifadhiwa miaka mingi. Wazazi wanaweza kukubali, kukataa, au kuomba muda mfupi wa kumpigia simu shehe wao, na majibu yote matatu yaheshimiwe. Wakikataa, waulizwe kwa upole kuhusu matone ya damu peke yake. Hata picha za eko na ultrasaundi ya figo, zikitunzwa, hubaki kuwa ushahidi.

Hatua ya kumi: mazungumzo ya familia na mimba ijayo

Baada ya msiba maneno huanza. Wako watakaosema ni ndoa ya mabinamu, wako watakaosema mama alikula kitu, wako watakaotaja kijicho. Kuhusu ugonjwa huu mambo yanayojulikana ni haya. Kwa watoto wengi kasoro huanza upya, bila baba wala mama kuwa nayo katika mwili wote, na hakuna chakula, kazi wala usingizi wa mama uliosababisha. Takriban kisa kimoja katika kumi ndicho kinachorithiwa ndani ya familia, na ndani ya familia hizo mzazi mzima wa afya anaweza kuwa mbebaji, kwa kuwa athari ya jeni hii hutegemea kama nakala yenye kasoro imetoka kwa mama au kwa baba. Vipande vya kromosomu vilivyopotea mara nyingi hukutwa kwenye nakala ya mama; hilo ni suala la jinsi jeni inavyofanya kazi na halimpi mtu ruhusa ya kumlaumu mwanamke. Ndoa ya mabinamu haisababishi ACDMPV. Yapo lakini magonjwa mengine ya mapafu ya watoto wachanga yanayofanana nayo sana, kama yale ya jeni ABCA3 ambapo dutu inayozuia vifuko vya hewa visijifunge huwa mbovu. Hayo hurithiwa kutoka kwa wazazi wote wawili, hutokea zaidi wazazi wakiwa ndugu wa damu, na kila mimba ina nafasi ya 1 kati ya 4 kurudiwa. Familia isiyojua ni upi kati ya magonjwa haya uliomchukua mtoto wao haiwezi kuambiwa lolote la maana kuhusu mtoto anayefuata, na ndiyo maana nimesisitiza damu kuliko mashine.

Kasoro ikijulikana, na wazazi wakapimwa wakakutwa hawana, uwezekano wa kurudia ni mdogo, ingawa haufiki sifuri, kwa sababu mzazi anaweza kuibeba katika baadhi tu ya chembe zake na kipimo cha damu kisiione. Mimba inayofuata inaweza kupimwa kwa maji ya uzazi kuanzia wiki ya 15, kwa wanaotaka na kwa ushauri wa daktari wa jeni. Wasiotaka, au ambao jibu la jeni halikupatikana, wapigwe ultrasaundi kati ya wiki ya 18 na 22 figo zikitazamwa kwa makini, wapange kuzalia penye wadi ya watoto wachanga na eko, na mtoto akae hapo siku mbili kamili akipimwa oksijeni ya mkono na mguu kila zamu. Karatasi zote za mtoto wa kwanza zitolewe nakala mbili, moja ikae kwa mama na nyingine kwa jamaa wa Mombasa au Malindi, na namba ya maabara iliyohifadhi damu iandikwe kwa wino kwenye jalada la kitabu kipya cha kliniki siku ile ile mama anapokipokea.